Chura aliyebaki na miguu tu: kwa nini gemu la Muppets kwenye Game Boy Color linaboa

Swali lenyewe limekuja hivi, nimelipunguza kidogo tu:

"Shikamoo fundi. Mi niko Leicester, juzi kwenye soko la mitumba la Jumapili nimekuta Game Boy Color ya zambarau, ndani ina kaseti ya Jim Henson's Muppets, nikalipa bila kubishana bei maana Kermit na Miss Piggy ndo utoto wangu, marehemu babu alirudi na kanda za video za Muppet Show toka Muscat tukawa tunaziangalia Tanga mpaka nyingine zikakatika. Sasa nimecheza siku tatu na fundi hili gemu halichekeshi hata kidogo, unaruka unaokota unaruka, yule Kermit angeweza kuwa chura yeyote yule. Shida ni mimi nimekua, ni mashine ya zamani, au ni gemu lenyewe? Na kuna gemu la Muppets la maana nitafute badala yake?"

Marahaba mdogo wangu, na pole, ingawa najua mitumba ya huko haimtoi mtu roho.

Kwanza tulia, hujazeeka. Hilo gemu nalijua. Kuna jamaa aliniletea mashine yake hapa kibandani imeliwa na maji ya betri, kaseti iliyokuwemo ndo hiyo hiyo yako, mashine nikaipoza, mwenyewe akakaa karibu mwezi hajaja kuichukua, basi kila jioni nikisubiri foleni ya magari ipungue nikawa nalicheza. Na ubaya wake ni wa ajabu kidogo, maana si gemu bovu la kukufanya urushe mashine ukutani. Linawaka, linachezeka, ukibonyeza ruka anaruka. Ila ukizima hukumbuki kitu, na kwa Muppets, vile vikaragosi vya televisheni vya Jim Henson, hilo mi naliona kosa kubwa kuliko ubovu, hawa viumbe ni wa kila kitu ila si wa kusahaulika. Gemu la Muppets lililoharibika kabisa, wahusika wanapita ukutani na mziki unajirudia, lingekuwa angalau la Kimuppet.

Kwa wasiolijua: lilitoka mwaka 2000, wachapishaji ni Take-Two, ndiyo, hao hao wenye Grand Theft Auto. Ni la kukimbia na kuruka ukiangalia kwa ubavuni, ukoo wa Mario. Hadithi ni kwamba Dr. Bunsen Honeydew, yule mwanasayansi mwenye kichwa cha tikiti na miwani isiyo na macho nyuma yake, katengeneza mashine ya kusafiri kwenye nyakati, mambo yakaenda kombo kama yanavyoenda kombo siku zote akishika spana, wenzake wakatawanyika huko kwenye zama za watu, sasa we unamchukua Kermit au Animal, yule mpiga ngoma kichaa, mwende mkawatafute. Ukisikia hivyo unasema ah, hapa kuna kitu, maana Bunsen na msaidizi wake Beaker, yule anayelipukiwa na kila uvumbuzi, ni katika vitu vinavyochekesha kuliko vyote kwenye kile kipindi. Afu unawasha, na mashine ya nyakati inageuka kisingizio tu cha kubadili mandhari nyuma ya chura anayeruka.

Sasa jiulize swali la kijinga. Umewahi kuiona miguu ya Kermit?

Umeiona, najua, kakaa kwenye gogo na banjo yake, miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Lakini akitembea? Akikimbia? Kwenye zile kanda za babu nenda kaangalie tena, asilimia kubwa ya muda unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, chini kuna ukuta, kuna meza, kuna ukingo wa skrini, na chini ya huo ukingo kuna mtu mzima kainua mkono juu mpaka bega linauma. Ndo siri nzima ya Jim Henson. Alianza mwaka 1955 kwenye televisheni ya Washington na kikipindi kifupi kinaitwa Sam and Friends, na wakati wengine wenye vikaragosi walikuwa bado wanaweka kile kijumba chenye pazia mbele ya kamera, yeye aliona kwamba kijumba cha nini, fremu ya televisheni yenyewe ndo kijumba. Mchezeshaji anajificha chini ya picha na anajiangalia kwenye monita wakati huo huo anacheza, anaona unachokiona wewe. Wakenya mliokuwa mnaangalia The XYZ Show ya Gado mnaujua huo mchezo, waheshimiwa wote wale wanaishia kiunoni.

Kwa hiyo Kermit si chura, Kermit ni mkono. Na simaanishi kishairi. Henson alimshona wa kwanza kwa koti kuukuu la mama yake, macho ni mpira wa tebotenisi uliokatwa nusu, na kichwani hakuweka kitu kigumu, ni kitambaa tu kimekaa juu ya vidole. Ndo maana akikasirika uso mzima unajikunja kama karatasi, ni ngumi ile, mtu kafunga ngumi ndani ya uso. Fozzie, yule dubu mchekeshaji, kaharibu kichekesho, kuku wamevamia jukwaa, mgeni wa heshima kakwama mahali, na Kermit hafanyi kitu, anageukia kamera tu na uso unaminyika. Hapo ndo watu wanapovunjika mbavu. Hajaruka popote.

Miguu ilipotumika kweli ilikuwa habari. Kwenye ile filamu yao ya kwanza, 1979, kuna sehemu Kermit anaendesha baiskeli, mwili mzima unaonekana, anakanyaga pedeli, na watu wazima wakawa wanaulizana wamefanyaje. Yaani chura kukanyaga pedeli ulikuwa muujiza. Sasa we chukua kiumbe ambaye miguu yake ni muujiza, mpeleke kwenye aina ya gemu ambayo haina kazi nyingine zaidi ya miguu, mnyime mdomo, mnyime kuangalia kamera, mnyime sauti. Umebaki na nini? Soksi za kijani zinazokimbia.

Mario haimsumbui hii kwa sababu Mario kazaliwa humo humo. Mwaka 1981 kwenye Donkey Kong alipewa sharubu kwa sababu mdomo usingeonekana kwenye vidoti vichache vile, akapewa kofia ili wasihangaike kuchora nywele. Yaani sura yake imekatwa kwa kipimo cha mashine, kama suti ya fundi. Kermit katoka kwenye koti la mama na mkono wa mtu, ukimtia kwenye vidoti inabidi mtu akae chini afikirie nini kinabaki na nini kinapotea, na hapo ndo nadhani hakuna aliyekaa chini vya kutosha.

Usinielewe vibaya, kazi hiyo ni ngumu, najua kwa sababu niliijaribu. Siku moja nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, lile la viboksi, nikachora mraba wa viboksi 16 kwa 16, nikasema haya, mweke Kermit humu. Kwenye Game Boy Color picha zinazotembea, spraiti, zinakuja kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 au 8 kwa 16, unaviunganisha kupata mhusika, na skrini nzima ni pikseli 160 kwa 144 tu, ukubwa wake mkononi ni kama kiberiti. Kwa hiyo mhusika wako hawezi kuwa mkubwa sana, akiwa mkubwa huoni unakorukia. Nikachora macho, yale mabonge mawili juu ya kichwa, kila jicho viboksi 3 kwa 3, ndani mboni, kiboksi kimoja. Na hapo ndo kilio kilipoanza. Ukisogeza ile mboni kiboksi kimoja tu ishakuwa theluthi ya jicho, chura aliyekuwa anakuangalia sasa ana kengeza. Hakuna katikati. Pale kwa Henson kulikuwa na mtengenezaji anaitwa Don Sahlin, alikuwa na kanuni yake ya pembetatu ya macho na pua, unayapanga mpaka kikaragosi kinaonekana kinamtazama mtu kweli, alikuwa anayaweka macho mwisho kabisa kama mtu anayetia roho. Jaribu kuitafuta hiyo pembetatu kwenye viboksi tisa.

Na rangi. Watu wanasikia Color wanafikiri rangi ni bwerere. Mashine inaweza kutengeneza rangi 32,768 ila inayoonyesha kwa pamoja kwa kawaida ni 56, na kila kipande cha spraiti kinapewa rangi tatu, maana ya nne ni ile ya "hapa pasionekane kitu". Kermit: kijani ya mwili, nyeupe ya macho, nyeusi ya mboni na mistari. Tatu zimeisha! Sasa afungue mdomo. Ndani ya mdomo wa Kermit ni wekundu, na wekundu hauna pa kukaa. Unaweza kumbandika spraiti nyingine juu yake yenye rangi zake, wengi walifanya hivyo kwenye magemu yao, lakini mashine ina sheria nyingine, kwenye mstari mmoja wa skrini haikubali vipande zaidi ya kumi. Chura kala viwili, mdomo kala kimoja au viwili, adui viwili, vitu vya kuokota hapo mbele vitatu, ongeza na Animal, cha kumi na moja kinapotea hewani. Ndo ile kupepesa unayoiona kwenye magemu ya zamani, si bovu, ni programu inagawa zamu.

Sauti ndo usiseme. Chaneli nne: mbili za mlio wa filimbi ya umeme, moja ya wimbi unaloweza kulichora mwenyewe, na moja ya kelele za shhh kwa ajili ya ngoma na milipuko. Sauti ya mtu unaweza kuilazimisha, magemu kadhaa yalilazimisha, lakini piga hesabu: sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja nusu baiti, ni baiti 4,000 kwa sekunde moja, na wakati inaongea prosesa haina nafasi ya kufanya mengine. Miss Piggy akisema neno lake kwa sekunde mbili tatu kashakula nafasi ya sehemu nzuri ya leveli. Kwa hiyo sauti zote zile, Frank Oz aliyekuwa anamchezesha Piggy na Fozzie na Animal peke yake, zote zimebaki nje ya kaseti.

Mpaka hapo unaweza kusema basi mashine ndo mkosaji, tuwaachie watu wa watu.

Hapana. Hapo ndo nataka nikukatalie, maana mwaka huo huo wa 2000, kwenye mashine hiyo hiyo, chaneli nne zile zile, rangi tatu zile zile, kulitoka Wario Land 3. We Wario unamjua, yule pacha mchafu wa Mario. Kwenye gemu lile Wario ni kama hafi kabisa. Yaani adui akikugusa huangukii shimoni kuanza upya, unageuka kitu. Unashika moto unakimbia ovyo mpaka unaungua kabisa, na huo moto ndo unaounguza vizuizi ambavyo hukuweza kuvipita. Nyuki akikuuma unavimba kichwa unapaa juu kama puto, na kule juu ndo kuna mlango uliokuwa unautafuta. Ukilaliwa na kitu kizito unakuwa bapa kama chapati unapenya kwenye upenyo. Ukila vitu vya kunenepesha unakuwa bonge unavunja matofali kwa kuyakalia. Kila balaa ni ufunguo. Nilipolimaliza nikaiangalia ile kaseti ya Muppets pembeni nikasema jamani, mbona gemu la Muppets wamempa Wario!

Kwa sababu Muppet Show ndo ile. Vipindi 120, kuanzia 1976 mpaka 1981, vyote vimerekodiwa hapo hapo Uingereza uliko, studio za Elstree, baada ya Henson kuzungushwa na televisheni kubwa za kwao Marekani mpaka Lew Grade, mkubwa wa kituo cha televisheni cha ATV, akampa studio, na vipindi vyote vina hadithi moja tu: usiku wa leo onyesho linaharibika. Gonzo anajifyatua kwenye mzinga anasema hiyo ni sanaa. Beaker kageuzwa kitu. Crazy Harry kalipua mlango. Hakuna anayeshinda kwenye Muppets, watu wanashindwa kwa madoido, na onyesho linaendelea hivyo hivyo likiwa na moshi. Sasa gemu la kawaida la kuruka linasema kinyume kabisa, ukikosea umekufa, rudi nyuma, rudia vizuri safari hii, kuwa sahihi. Gonzo kuwa sahihi? Huyo si Gonzo tena. Kwenye hili gemu lako Kermit akigongwa anaumia tu kama mtu wa kawaida anavyogongwa na baiskeli Leicester, unapungukiwa uhai, unaendelea. Nafasi ya kichekesho ilikuwa pale pale alipogongwa na wakaipita.

Na vichekesho vya maneno je? Nimesema sauti ni ghali, lakini maandishi ni bure kabisa. Herufi moja ni baiti moja. Waza wale wazee wawili wa kwenye boksi la juu la ukumbi, Statler na Waldorf, ambao kazi yao ni kutukana onyesho tangu mwanzo mpaka mwisho. Mstari mmoja wa dharau zao ni herufi kama sitini. Ile sekunde moja ya sauti, baiti 4,000, ni zaidi ya mistari sitini ya matusi! Ungeanguka shimoni mara sitini na kila ukianguka unatukanwa upya, na mi nakwambia watu wangeanguka makusudi. Hiyo haihitaji prosesa kubwa wala rangi, inahitaji mtu mmoja anayejua kuandika vichekesho, wiki moja, na chai.

Kwa nini hakuwepo huyo mtu? Hapa niongee kwa ujumla wa biashara yenyewe, magemu ya leseni ya enzi zile yalivyokuwa yanapikwa. Mwenye jina anauza haki, mchapishaji ananunua, anataka boksi liwe dukani kwa tarehe fulani, mara nyingi kabla ya Krismasi, toleo la mkononi linapewa timu ndogo kwa miezi michache na timu ndogo yenye miezi michache haianzi kubuni, inachukua injini ya kuruka iliyopo, inabadilisha michoro, inapeleka kwa mwenye jina akague kama kijani ni kijani sahihi. Kosa la kijani litaonekana kwenye ukaguzi, kosa la kutochekesha halina mkaguzi. Na mnunuzi si mchezaji, ni mama au mjomba dukani anayeona sura ya Kermit kwenye boksi, kama wewe ulivyoiona Jumapili, kwa hiyo kazi ya kuuza ilishafanyika kabla kaseti haijachomekwa.

Ongeza kwamba mwaka ule wa 2000 jina la Muppets lenyewe lilikuwa linahama nyumba. Henson alifariki 1990, watoto wake wakaendesha kampuni miaka kumi, afu 2000 ikanunuliwa na Wajerumani, EM.TV ya Munich, kwa dola milioni 680. Hao hela zikawaishia mapema, familia ikainunua tena kampuni yake 2003, na mwaka uliofuata Muppets wakaenda Disney ambako wako mpaka leo. Mwaka 2000 huo huo yakatoka magemu matatu yenye jina la Muppets, hili lako na mawili ya PlayStation. Wana nguo nyingi ila mwenye kabati anabadilika kila siku.

Na hapo nakuja kwenye nini utafute.

La kwanza, kama una PlayStation ya zamani au hata ya pili, tafuta Muppet Monster Adventure, ni hilo hilo la mwaka 2000 na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Na angalia walivyokwepa lile tatizo la miguu: hawakukupa Kermit. Wamekupa Robin, mpwa wake, yule mdogo, na wakubwa wote wamegeuzwa mazimwi, Fozzie kawa mbwa mwitu wa dubu-dubu, Gonzo kawa mnyonya damu mwenye pua ile ile, we Robin unakusanya nguvu zao unazitumia. Kwa hiyo kuruka na kukimbia anafanya mtoto ambaye hatujamzoea sana, na wale tuliowazoea wanaonekana wakiwa wameharibika, ambayo ndo hali yao ya kawaida. Na ni sidii, ina nafasi, wanaongea. Si gemu kubwa la karne ila mtu aliyelifanya anaijua familia.

Jingine la PlayStation mwaka ule, Muppet RaceMania, ni la mbio za magari, ukiwa na watoto nyumbani litawafaa, mi magari hayanishiki.

Ukitaka ya mkononi, mwaka 2003 yalitoka mawili ya Game Boy Advance. Spy Muppets: License to Croak ni la mambo ya majasusi, sikusukumi. Muppets: On with the Show! ni mkusanyiko wa vigemu vidogo vidogo, na wazo lake mi naliona ndo sahihi zaidi kwa mashine ya mkononi, kwa sababu kile kipindi kilikuwa vipande vipande toka mwanzo, wimbo dakika mbili, kichekesho dakika moja, pazia. Ni fupi, utalimaliza, lakini liko kwenye njia. Kuna na The Muppets Movie Adventures ya PS Vita, 2014, skrini ile ni nzuri ajabu, Kermit unamwona mpaka manyoya ambayo hana, na bado linarudia kosa lile lile la kumfanya mkimbiaji, sasa hapo rangi na chaneli huwezi kuzilaumu tena. Ndo ujue sikuwa naonea Game Boy.

Na Wario Land 3 chukua tu, uliweke kwenye hiyo hiyo zambarau yako. Kama hela inabaki tafuta na Shantae ya 2002 uone mwili mdogo unavyoweza kuwa na madaha kwenye hiyo skrini, ila hiyo kaseti yenyewe halisi bei yake siku hizi ni ya kuuzia ng'ombe, na feki ni nyingi, usinunue bila kuonyeshwa bodi ya ndani.

Kuhusu mashine yenyewe, fungua kifuniko cha betri uangalie zile sahani mbili za chuma, ukiona unga wa kijani au mweupe weka siki kidogo kwenye pamba ya masikio, sugua, futa, kausha, afu pitisha spiriti. Meno ya kaseti nayo spiriti, usipulize kwa mdomo kama tulivyofundishana utotoni, mate ndo yanaleta kutu. Skrini haina taa ndani, ilizaliwa hivyo, kaa karibu na dirisha na huko kwenu jua likizama saa kumi ujue huchezi, au mpe fundi aweke skrini mpya yenye taa, ni kazi ya saa moja kwa anayeijua.

Kaseti ya Muppets usiiuze, haitakupa hela ya maana na picha ya juu yake ni nzuri kuliko ya ndani.

Ila kitu kimoja nimekisoma kwenye swali lako kikanikaa, zile kanda za babu. Umesema nyingine zimekatika. Ziko wapi, bado ziko Tanga? Kwa joto na unyevu wa pale sipendi hata kufikiria. Mwambie aliyeko nyumbani asizichomeke kwenye deki kwanza, achungulie kwenye kile kidirisha, akiona unga mweupe kwenye ukingo wa mkanda huo ni ukungu, ukiingia kwenye hedi za deki unahamia kwenye kanda nyingine zote. Safi aziweke wima, ndani ya boksi lake, mbali na sakafu na ukuta wa bafuni. Na zilizokatika asitupe. Mkanda uliokatika unaungwa na utepe wake maalumu, siyo selotepu ya dukani, unapoteza sekunde moja mbili tu, Kermit anaruka kidogo kwenye picha kama kapigwa kwikwi, afu onyesho linaendelea.